Shajara ya ukuta wa kijito: mchoro uliobanduka na uliobaki

9 Januari. Kupima

Ukuta una urefu wa mita 14 na kimo cha mita 2.8, yaani mita za mraba 39 na ushei. Ni ukuta wa kuzuia udongo, wa matofali ya saruji yaliyopigwa lipu. Nyuma yake kuna mwinuko wa ardhi, mbele yake kuna njia ya waenda kwa miguu, na ng'ambo ya njia, hatua sita tu, kinapita kijito. Chini kuna matundu saba ya kutolea maji, kila moja upana wa ngumi. Wenye ukuta wamenipa ruhusa ya maandishi kwa sharti moja: matundu yasizibwe.

Nilichokusudia ni msitu. Miti mikubwa, majani mapana kama milango, na katikati mdiria wa mita mbili aliyekunjua mabawa. Nimeuandaa nyumbani kutokana na picha nilizokusanya kwa miezi. Kijito chenyewe nimekifikia mara mbili, na mara zote mbili nilikipa mgongo nikiwa nimeshika futi kamba.

Gharama nitaziandika kwa lita, vifaa na siku za kazi. Bei hutofautiana mahali na mahali.

18 Januari. Awamu ya kwanza imekamilika

Kuosha ukuta siku moja, praima, yaani rangi ya msingi, siku mbili (lita 5), rangi ya maji ya akriliki siku sita (lita 11).

Kwa anayetaka kunakili mchoro mkubwa bila projekta: chora ukuta mzima alama za ovyo kwa chaki, herufi, nyota, mikunjo, zote tofauti. Piga picha ya ukuta, kisha ulaze mchoro wako juu ya picha hiyo kwenye simu. Ukitaka kujua ncha ya mdomo wa ndege iko wapi, unatazama iko karibu na alama gani. Ni haraka kuliko kupiga miraba, na haikulazimishi kuwa na ukuta ulionyooka.

Nimefurahi na kazi. Watu wanapita wanapiga picha.

2 Februari. Malengelenge

Wiki mbili tu. Nimekuta malengelenge kwenye theluthi ya chini ya ukuta, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine mapana kama kiganja. Bawa la kushoto la mdiria limevimba lote.

Nimetoboa lengelenge moja kwa pini. Limetoka tone la maji, likanitiririkia hadi kwenye kucha. Nimesimama pale mpaka likakauka juani, na mahali pake pamebaki unga mweupe. Nimebandua ngozi ya rangi kwa kidole. Imetoka nzima kama ganda la kitunguu, na nyuma yake unga ule ule, mwingi, umeota kama manyoya mafupi.

Chumvi. Maji yanatoka kwenye udongo ulio nyuma, yanapita ndani ya matofali, yanayeyusha chumvi iliyomo njiani na kuifikisha kwenye uso wa ukuta. Ukuta ulio wazi, maji huvukia hewani na chumvi hubaki nje, unaifuta kwa brashi. Mimi niliuvika ukuta ngozi ya plastiki, kwa sababu rangi ya akriliki ikikauka ni plastiki nyembamba. Maji yakikosa njia huisukuma, na chumvi ikijijenga nyuma yake huibandua.

Kosa ni langu. Niliukagua uso wa ukuta kwa makini, nyufa, vumbi, rangi ya zamani. Sikuuliza hata mara moja kuna nini nyuma yake.

5 Februari. Jaribio ambalo lilipaswa kuwa la kwanza

Unahitaji vipande vya nailoni ngumu inayopenyeza mwanga, sentimita 45 kwa 45, na tepu. Bandika ukutani, ziba pande zote nne, acha saa 16 au zaidi. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta umekoza rangi chini ya nailoni, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Nimebandika vipande tisa kwa kimo tofauti. Vya juu vimetoka vikavu. Vyote vilivyo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini vimejaa matone. Nimepiga mstari wa chaki kwenye kimo hicho, na mstari huo ndio utakaotawala kazi yote inayofuata.

Nimechungulia pia matundu kwa tochi. Manne yameziba kabisa kwa udongo na mizizi, mawili yamebakiza upenyo mdogo. La saba lina kiota cha nyigu waashi, vijumba vya udongo vimepangwa mlangoni. Sharti la wenye ukuta lilikuwa nisizibe matundu, kumbe yalikwisha kujiziba yenyewe.

20 Februari. Kubandua, na kosa la pili

Nilizibua matundu sita kwa fito na maji. Siku mbili mfululizo yalitoa maji ya rangi ya kahawia, kisha yakasafika. La nyigu nimeliacha.

Nikakodi mashine ya maji ya presha nikidhani itaniokolea muda. Usifanye hivyo kwenye lipu ya zamani. Rangi ilitoka, lakini lipu nayo ilitoka vipande vipande, na kabla sijaizima nilikuwa nimechimba mashimo kumi na moja, baadhi yakifika kwenye tofali. Isitoshe, nilikuwa ninaumwagia maji ukuta ambao tatizo lake ni maji.

Nikarudi kwenye brashi ya waya na kisu cha kukwangulia. Siku tisa, brashi nne, jozi tatu za glavu. Kujua kama rangi yote imetoka, nyunyiza maji: panaponywa maji na kukoza rangi ni lipu tupu; maji yanapojikusanya kama shanga, plastiki bado ipo. Mashimo nimeyaziba kwa lipu mpya, na lipu mpya nimeipa wiki nne ikomae.

Hasara hadi hapa: lita 16, siku 9 za kupaka na kuosha, siku 11 za kuzibua na kubandua.

22 Machi. Wiki nne za kungoja

Hakukuwa na kazi ya brashi, lakini nilikuja karibu kila siku, na safari hii nilikaa nikiupa mgongo ukuta. Nimejaza daftari zima. Hamna jani hata moja pana kama mlango. Kuna makangaga kwenye mawe, kereng'ende wekundu, vyura wanaosikika zaidi ya wanavyoonekana, na mdiria mmoja.

Nilimtafuta kwa siku nne kabla sijamwona, kwa sababu nilimtafuta mkubwa. Ni ndege wa kiganja na nusu. Hukaa kimya kwenye kitawi kinachoinamia maji, kisha kuna mstari wa buluu, kisha kitawi kitupu kinachotikisika. Miezi yote niliyokaa na picha zake sikuwahi kujua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ni kutulia.

Wiki ya tatu mzee mmoja anayepita pale asubuhi alisimama. Alikuwa amenikuta mara nyingi na fito mkononi.

"Binti, hayo matundu unayoyazibua unajua yanafanana na nini?"

Nikamwambia sijui, Mzee.

"Kabla ya ukuta huu hapa palikuwa ukingo wa udongo mtupu. Umejaa matundu kama hayo. Ya mdiria. Wanachimba wao wenyewe, kwa mdomo."

Nilijua kwenye karatasi kwamba wadiria wengi huchimba viota kwenye kingo za udongo, njia nyembamba yenye chumba mwishoni. Sikuwa nimeunganisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukingo wao uliofunikwa kwa saruji, nikitaka kuuchora msitu ambao haukuwahi kuwa hapa.

Nimemuuliza ukingo ulikuwaje. Akachora hewani kwa fimbo yake: juu mweusi wenye mizizi, chini yake mwekundu, kisha wa njano, na karibu na maji "kijivu, ule wa kunata." Nimeandika yote.

3 Aprili. Mchoro mpya na rangi mpya

Nitauchora ukingo. Matabaka ya udongo urefu wote wa mita 14, kwa kipimo chake halisi, mizizi ikining'inia, na matundu saba ya ukuta yakiwa matundu ya ukingo. Mdiria mmoja, sentimita 17, mbele ya tundu la tano. Buluu haitakuwepo mahali pengine popote.

Rangi nimechagua ya silikati. Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza huko Bavaria mwaka 1878. Haitengenezi ngozi. Kiunganishi chake, silikati ya potasiamu, huungana kikemikali na madini ya lipu na kuwa sehemu ya ukuta, na mvuke wa maji unaendelea kupita. Kwa ukuta unaotoa jasho kama huu, hilo ndilo la maana kuliko yote. Lakini haishiki juu ya plastiki, ndiyo maana zile siku za kukwangua hazikuwa na njia ya mkato. Na ni kali: vaa miwani ya kinga na glavu, na ufunike kioo chochote kilicho karibu kwa sababu ikikirukia hukila na alama haitoki.

Kuna sharti jingine. Rangi hii inataka pigmenti za madini, yaani unga unaotoa rangi, zinazostahimili ukali wake, hasa oksidi za chuma, kwa hiyo rangi nyingi kali za dukani nimeziaga. Nilipoanza kupanga vikombe nikaona jambo lililonifanya nikae chini. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya hematiti, oksidi ya chuma. Wa njano ni wa njano kwa sababu ya goethiti, nayo ni ya chuma. Vikombe vyangu vya nyekundu na njano vina kitu kile kile kinachoupa udongo rangi. Na kijivu cha mzee kina sababu yake: udongo ukikaa ndani ya maji muda mrefu hewa huwa haba, chuma chake hubadilika na kuyeyuka, wekundu unaondoka. Ukingo wa zamani ulikuwa wa kijivu mahali palipokaa maji.

Nimepeleka mstari wa kijivu kwenye kimo cha sentimita 80, pale pale kwenye chaki ya majaribio ya nailoni. Unyevu unaokuja kutoka nyuma utakuwa ndani ya tabaka lake.

17 Aprili. Jua

Ukuta unatazama magharibi. Siku ya kwanza nilipaka nyekundu kuanzia saa 8 mchana na rangi ikawa inakauka kabla sijarudisha brashi. Kila nilipounganisha pametokea mstari mweusi, na sehemu za viraka vya lipu mpya zimenywa rangi zaidi na kuonekana kama madoa. Mita nne za mraba zimeharibika, lita moja na nusu.

Marekebisho: napaka kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 4 na nusu, ukuta ukiwa bado kwenye kivuli. Nafanya kazi kutoka tabaka moja hadi mpaka wa tabaka, sisimami katikati, ili kila muungano uangukie kwenye mstari wa udongo. Viraka nimevipaka kwanza kiyeyusho cha silikati chenyewe, kimiminika chenye kiunganishi kile kile bila pigmenti, kupunguza kiu yake. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine naacha saa 12 kamili.

Jambo moja la kukumbuka unapochanganya: rangi hii ikiwa mbichi huwa imekoza, ikikauka hupauka sana. Nimepaka kila mchanganyiko kwenye kipande cha tofali na kukiacha siku moja kabla ya kuukubali. Vipande thelathini na mbili. Nimeviandika namba nyuma na bado ninavyo.

29 Aprili. Buluu imeshindikana

Matabaka yamekamilika. Imebaki sentimita 17 za ndege, nami nimezipaka mara tatu na kuzifuta mara tatu.

Buluu ya kobalti moja kwa moja juu ya udongo: imekaa kama kipande cha karatasi kilichobandikwa. Nikaongeza nyeupe: imekuwa ya maziwa. Nikaipunguza ukali kwa maji ili iwe nyepesi: ilipendeza ikiwa mbichi, na asubuhi yake ikanitoka kidoleni kama unga wa chaki. Kosa la wazi nikilitazama sasa. Maji yanapunguza kiunganishi, pigmenti inabaki haina kinachoishika. Rangi ya silikati hupunguzwa kwa kiyeyusho chake.

8 Mei. Unyoya

Jibu limetoka kwenye kijito. Chini ya kitawi chake kulikuwa na unyoya mdogo juu ya jiwe, ncha yake feruzi. Nimeuokota kwa vidole viwili na kuugeuza. Ukiuangalia jua likiwa mgongoni mwako, unawaka. Ukiuinua kati ya jicho na jua, buluu inazimika yote, unabaki kahawia iliyochujuka, kama jani la mwaka jana. Nimerudia mara kumi au zaidi. Kisha nimeurudisha jiweni.

Mdiria hana pigmenti ya buluu. Ndani ya unyoya kuna keratini, kitu kile kile cha kucha zetu, yenye vitundu vidogo mno, vinavyotawanya mwanga wa buluu na kuurudisha kwetu, na chini yake kuna melanini nyeusi inayomeza mwanga uliobaki. Bila ule weusi, buluu ingefifia.

Basi nimepaka hivyo hivyo. Kwanza umbo lote la mgongo kwa kahawia nzito karibu na nyeusi. Kisha kobalti na feruzi ya kobalti, zimepunguzwa kwa kiyeyusho mpaka brashi inaacha ukungu tu, mkono baada ya mkono, saa 12 kati yake. Mikono saba. Kila mmoja ulionekana si kitu, na wa sita ndio uliowaka. Kifua nimekipa oksidi nyekundu ile ile ya tabaka la pili, ikiwa na njano kidogo, na palipokutana na buluu nikajikuta narudi nyuma hatua tatu bila kukusudia.

Gharama ya ndege: siku 12, rangi isiyofika robo lita.

24 Mei. Watu

Mchoro ule wa kwanza watu waliuona wakiwa ng'ambo, wakapiga picha wakaenda zao. Huu wengi wanaupita mara mbili tatu kabla hawajamwona ndege. Wanaona ukingo. Mtoto mmoja aligusa tabaka la kijivu akaangalia mkono wake kama umechafuka. Mwingine alimkuta mdiria, akapiga kelele kuwaita wenzake, kisha akageuka kutazama kitawi juu ya maji, na mimi niliyekuwa nimekaa pale nikaona kwamba sikuwa nimemwambia chochote.

Mzee amekuja na kusimama muda mrefu. Alisema kitu kimoja: "Huyu hatazami mbele namna hiyo. Anatazama chini, maji yako chini." Yu sahihi, daftari langu limejaa vichwa vilivyoinama na bado nilimchora kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nimerekebisha kichwa kwa siku tatu.

Usiku mmoja mtu aliandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito kwenye tabaka la njano. Nimelikwangua taratibu na kupaka juu yake kutoka kwenye chupa ya akiba, haionekani. Weka akiba: nusu lita ya kila tabaka, namba ya kipande cha tofali imeandikwa kwenye kifuniko.

Nimeshauriwa na wawili nipake vanishi ya kulinda. Hapana. Vanishi ni ile ngozi ya Januari imerudi. Kuhusu kuchakaa, nawaza mara nyingi juu ya *América Tropical*, kazi ya ukutani ya mchoraji wa Meksiko David Alfaro Siqueiros huko Los Angeles, iliyochorwa nje ya jengo mwaka 1932, ikafunikwa kwa rangi nyeupe, na kufunguliwa tena kwa umma mwaka 2012. Waliohifadhi waliimarisha kilichobaki, hawakurudishia rangi zilizopotea. Ukuta huu nao nitauacha uchakae unavyochakaa. Nitarudia tu kinachoharibiwa kwa mkono.

20 Juni. Mvua ya kwanza kubwa

Imenyesha usiku kucha, nimefika saa 1 asubuhi. Hakuna lengelenge. Chini ya sentimita 80 kumekuwa na unga mweupe kidogo sehemu mbili, nimeufuta kwa brashi kavu na rangi haikutoka nao.

Nilichosahau kukiwaza ni kwamba rangi hii ikilowa hukoza. Kijivu kimekuwa karibu cheusi na kinang'aa, nyekundu imerudi kuwa ile ya kwenye kikombe, na juu ya mstari ukuta ukianza kukauka unapauka taratibu kutoka juu kwenda chini, kama ukingo wenyewe ungefanya. Nimeutazama mpaka saa 4.

Jumla ya awamu ya pili: lita 13 za rangi, lita 6 za kiyeyusho, siku 38 za brashi pamoja na marekebisho.

Matundu matano yanatoa maji safi. La nyigu ni kavu na wamo. La nne linatoa matone tu, tena ya tope. Nitarudi kesho na fito.